Kalkuleta ya elfu 38 Kariakoo: nimeipima kwa 4294967297

Wakuu kwema? Naandika hii kwa yeyote anaetaka kununua kalkuleta ya kisayansi hapa mjini, hasa wenye watoto wanaoingia form five, na naandika nikiwa nimeshapigwa mara moja kwahiyo sisimulii ya kusikia.

Iko hivi. Mpwa wangu kachaguliwa PCM (fizikia, kemia na hesabu), dada akanipigia, "mdogo wangu wewe kila siku unapita Kariakoo, mtafutie mtoto kalkuleta, ila orijino, usiniletee mambo ya ajabu." Mi nipo stoo moja Buguruni, na Kariakoo napita kweli, basi siku ya kwanza nikachukua kwenye meza ya nje, yule kijana anaongea vizuri mpaka unaona aibu kutonunua, elfu 15, "bosi hii ndo wanayotumia chuo, ina sola, ina kila kitu, usipoichukua wewe anachukua huyo nyuma yako." Nikageuka nyuma, kweli kulikua na mtu, ila alikua anauliza bei ya soksi.

Nimefika home nkaiwasha, ikawaka. 2+2 ikaleta 4. Nkaona poa. Af nikaona juu ya kitufe kimoja pameandikwa FACT kwa herufi ndogo za rangi, hiyo kazi yake ni kuvunja namba kwa vigawo vyake tasa, yaani ukiiambia 60 inakujibu 2²×3×5. Nikabonyeza SHIFT, nikabonyeza FACT, kimya. Nikarudia. Kimya. Kile kitufe kimechapwa maandishi tu, ndani hakuna kitu. Ikabidi nichukue bisibisi ile ndogo ya saa nifungue mgongo, aisee, kile kioo cha sola hakina hata waya mmoja, kimegundishwa kama stika ya kwenye bodaboda. Elfu 15 imeenda hivyo, na yule kijana kesho yake mezani alikua anauza miwani.

Mara ya pili nikaenda na akili. Duka la ndani, vifaa vya ofisi na shule, upande wa kuelekea Mnazi Mmoja, lina kaunta ya kioo na feni inayopiga kelele. Kijana wa dukani akasema 45, nikamwambia bei ya mwisho sema basi, tukazungushana tukafika 38. Kabla sijatoa hela nikamwambia naomba niijaribu hapa hapa. Akasema jaribu tu bosi, hatukimbii. Nkaandika 4294967297, SHIFT, FACT. Ikafikiria kidogo kama mtu anaetafuta chenji, af ikaleta:

641×(6700417)

Nkamwambia funga, nachukua. Akaniuliza, "bosi hiyo namba umeotea wapi?" Nikamwambia we toa risiti kwanza ntakusimulia.

Sa hapa ndo nataka nikae kidogo maana hiyo namba ndo nawashauri mwende nayo dukani, ishikeni kichwani kama namba ya simu ya mama. Ina tarakimu 10, na kwenye hizi kalkuleta FACT inakubali mpaka tarakimu 10, kwahiyo unaipima mwisho wa uwezo wake. Na ina historia yake. Ni 2^32+1. Mwalimu wetu wa hesabu alituandikia ubaoni siku ambayo nusu ya darasa ilikua imetoroka, mi nilibaki kwa sababu ya mvua tu si kwa sababu ya kupenda shule.

Kulikua na Mfaransa, Fermat, karne ya 17, kazi yake sheria kule Toulouse, hesabu alikua anafanya kama sisi tunavyocheza bao jioni. Akaona kwamba ukichukua 2, ukaipa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, hivyo hivyo unaongeza mara mbili, af ukajumlisha 1, unapata 3, 5, 17, 257, 65537. Zote tasa, hazigawanyiki. Akajiaminisha kwamba mnyororo wote uko hivyo mpaka mwisho. Inayofuata ni 2^32+1, hiyo 4294967297 yetu, na kwa mkono bila kalkuleta hebu fikiria unaanza wapi kuigawa, kwa 3? kwa 7? kwa 11? Mpaka ufike mzizi wake unatakiwa ujaribu namba tasa zote hadi karibu 65,536. Watu wakamuachia na imani yake karibu miaka mia.

Mwaka 1732 akatokea Euler, Mswisi aliekua Urusi, St. Petersburg, yeye hakugawa hovyo. Alifikiri kwanza. Njia yake ni kwamba namba yoyote tasa itakayoigawa hiyo namba lazima ukiitoa moja ibaki kitu kinachogawanyika kwa 64. Kwahiyo wa kujaribu ni 193, 257, 449, 577, 641, zile zingine katikati kama 65 na 129 zenyewe si tasa unaziruka. Ya tano hiyo, 641, ikaingia bila baki. Majaribio matano! Fermat alikua na peni na wino kama yeye, angekaa jioni moja tu angeiona.

Haya turudi kwenye kalkuleta. Mnaona hayo mabano kwenye 6700417? Mi mwanzo nilidhani ni urembo. Siyo. Hii mashine inajaribu kugawa kwa namba tasa zenye tarakimu tatu kushuka chini basi, ikifika 997 inachoka, kinachobaki kama ni kikubwa inakifungia kwenye mabano na kukukabidhi. Yaani inakwambia ndugu mi nimeishia hapa, humu ndani sijui kuna nini. Kwenye kijitabu cha maelekezo kilichomo kwenye boksi hilo jambo limeandikwa sentensi mbili za Kiingereza kwa maandishi ya saizi ya sisimizi, nimelitafuta kwa tochi ya simu.

Basi nipo kwenye gari la Gongo la Mboto, foleni ya Buguruni ile ya saa kumi na mbili jioni, nimepata siti ya dirishani kwa bahati, simu chaji imeisha. Nikajiuliza, 6700417 ni tasa au siyo? Mzizi wake ni 2588 na ushee. Ukitaka kugawa kwa tasa zote mpaka hapo utafika Chanika hujamaliza. Ila ile njia ya Euler baadae Mfaransa mwingine, Lucas, aliinoa zaidi, akasema siyo 64 tu, ni 128. Kwahiyo kigawo chochote cha 4294967297, na hivyo cha 6700417 pia, lazima kiwe 128 mara kitu fulani kujumlisha 1. Nikaziorodhesha kwenye mgongo wa risiti: 129, 257, 385, 513, 641, 769, kuendelea mpaka 2561. Ukifuta ambazo si tasa (1537 ilinisumbua, kumbe ni 29×53, na 1921 ni 17×113) zinabaki tano tu. 257, 641, 769, 1153, 1409. Tano tena!

Nikaanza kugawa. 257 baki 170. 641 yenyewe nikairudia isije ikawa imeingia mara mbili, baki 44. 769 baki 120. Konda akapita, "nauli kaka", nikampa bila kumuangalia. 1153 baki 334. 1409 baki 622. Imeisha. 6700417 ni tasa, nimeithibitisha mwenyewe kabla gari halijavuka taa, na mama aliekaa pembeni yangu akaniuliza kwa huruma, "mwanangu hesabu za dukani hazijakaa sawa?" Nikamwambia zimekaa mama, leo zimekaa.

Kwahiyo maksi kwa vitufe: vinabonyezeka vizuri, haviteletezi hata gari likiruka tuta, na skrini unaiona hata kwa mwanga wa gari. Juani ndo tatizo, pale kituoni mchana huoni kitu mpaka uizibe kwa kiganja.

Nilivyofika nikamkabidhi mpwa wangu. Mtoto wa siku hizi hana adabu, badala ya kusema asante anko akasema "anko ngoja niijaribu" akaandika 1234567890, ile namba ya mtu asie na wazo lolote, FACT. Ikaleta 2×3²×5×(13717421). Akasema aah kwahiyo hiyo ya mwisho ni tasa. Nikamwambia hapana bwana mdogo, hapo ndo pa kuingizwa mjini, mabano hayasemi tasa, mabano yanasema sijui. Ile ya kwenye gari ilikua tasa, hii tuone.

Akaanza kugawa moja moja kwa tasa za kuanzia elfu moja, nikamuacha ateseke dakika tano kwa makusudi. Af nikamwonesha ujanja wa huyo huyo Fermat tuliemcheka hapo juu, maana kukosea sehemu moja hakumfanyi mtu kuwa mjinga. Unatafuta mzizi wa 13717421, ni 3703 na kitu, unapandisha unafika 3704. Unaipiga kwa yenyewe, 13719616, unatoa namba yako, inabaki 2195. Je 2195 ni mraba wa namba kamili? 46 kwa 46 ni 2116, 47 kwa 47 ni 2209, siyo. Unaongeza moja, 3705 kwa 3705 ni 13727025, toa, inabaki 9604. Nikamwambia tafuta mzizi wa hiyo. Akabonyeza. 98. Kamili, bila koma.

Sa mraba ukitoa mraba mnajua, form two hiyo, (3705−98)(3705+98). Yaani 3607×3803. Mtoto kazipiga, ikarudi 13717421, akakaa kimya, akaiangalia ile skrini, akasema "anko tena." Majaribio mawili tu, kitu ambacho mashine ya elfu 38 imekiweka kwenye mabano na kunawa mikono. Lazima niseme ukweli, njia hiyo ni tamu pale ambapo vigawo viwili vimekaribiana kama hivi, vikiachana sana utajaribu mpaka uzeeke, ukiitumia kwenye 641 na 6700417 utalia.

Kwenye namba ndefu zaidi ya hapo ndo kalkuleta inaanza kuonesha umri wake. Usiku huo LUKU ikaisha, nikanunua umeme wa buku kumi, tokeni ikaja: 4718 2960 5533 0184 7714. (Nshaitumia hiyo msihangaike.) Mpwa akasema tuivunje. Tukaiandika yote tarakimu 20, ikaleta 4.718296055×10^19, maana yake tarakimu kumi za mbele inakuonesha na za nyuma imezimeza. FACT ikagoma, Math ERROR. Haki yake.

Ila hapo sasa ukitumia kichwa unaikuta namba imeshakatwa vipande vinne vinne kwa ajili yako, na hilo linasaidia kuliko mnavyodhani. 10000 ukiitoa moja ni 9999, na 9999 ni 9×11×101. Kwahiyo ukijumlisha vile vipande vitano tu kama vile ni bei za sokoni, jumla yake inabeba baki ile ile ya namba nzima kwa 9, kwa 11 na kwa 101. Tukajumlisha: 4718 na 2960 na 5533 na 184 na 7714, jumla 21109. Hiyo imezidi tarakimu nne, unaikata tena, 2 na 1109, unapata 1111. Na 1111 ni 11×101! Nilicheka peke yangu gizani na tochi mkononi, dada chumbani anauliza umeme umeingia au mnacheka nini. Yaani tokeni yetu inagawanyika kwa 11 na kwa 101 zote mbili, kitu ambacho kwa namba iliyokuja tu kinatokea mara moja kwenye 1111, na kwa kuwa inaishia na 4 inagawanyika na kwa 2 pia. Tukaitoa 2222 nzima kwa karatasi, ikabaki 21234455694555287, tarakimu 17. Hapo tukaachia. Ile tokeni nzima tulijaribu kidogo na 73 na 137, maana 10001 ni 73×137, unafanya vile vile ila unajumlisha na kutoa kwa zamu, 73 ikatubakizia 2, 137 ikatubakizia 25, basi.

Na kama mnapenda mambo haya, angalieni tokeni zenu za zamani, hamtaikuta inayoanza na 8 wala 9. Siyo bahati. Kwa ndani tokeni ni namba ya biti 66, sifuri na moja 66 zimepangwa, kwahiyo haiwezi kufika 2^66 ambayo ni 73,786,976,294,838,206,464. Hesabu za namna hiyo hiyo ndo zilitufanya 2024 tuingize yale makundi matatu ya tarakimu ishirini, watu wakalalamika mtaani kwamba wanaibiwa. Kila tokeni inabeba muda wake, dakika ambazo zilikua zinahesabiwa tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyowekwa kwa ajili ya dakika ni biti 24 tu. 2^24 ni 16,777,216. Dakika hizo zilijaa Novemba 24, 2024, karibu miaka 32, ikabidi mita zote zianze kuhesabu upya. Mi nilimweleza mwenye nyumba wangu akasema maneno mengi hayo, we lipa kodi.

Mengine kwa haraka. Mfuniko wa kuslaidi unabana vizuri. Sola ya hii ni ya kweli, nimefungua nikaona waya (ndio nimeifungua, nimeumwa na nyoka). Faktoria (ile alama ya !, namba mara zote zilizo chini yake) inafika mpaka 69, ukiweka 70! inasema ERROR kwa sababu inavuka 10^100, ni kawaida ya hizi mashine zote za aina hii msije mkarudisha dukani mkagombana na watu bure. Siyo ya kuandikia programu kwahiyo kwenye Advanced wanaruhusu, huo ndo ulikua wasiwasi wa dada. Kilichonikera ni hicho kijitabu, na huduma ya dukani ipo sawa ila hawana garantii ya maandishi, ni "ikisumbua njoo tu bosi", we dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usikubali ile karatasi ya mkono.

Nawapa nane kwa kumi. Moja nimekata kwa kijitabu, moja kwa skrini ya juani. Mabano sikati.

Ukienda wewe, nenda asubuhi kabla duka halijajaa, andika 4294967297, bonyeza SHIFT na FACT, isipokuja na 641 na mabano yake rudisha kwenye boksi uondoke bila kuaga. Yule kijana wa kaunta nilipita juzi nikamkuta anampimia mteja mwingine kwa namba hiyo hiyo, kaiandika kwa maka peni kwenye kipande cha boksi, ila kaandika 4294967279 na anashangaa kwa nini 641 haiji. Nimemrekebishia. Yangu nafuata Jumamosi, mpwa kaondoka na hii Jumapili kwenda shule na kaniachia karatasi yenye ile namba ya tarakimu 17, kaizungushia mabano.